Kuingia mkataba na maabara ya kupima maji ya kunywa Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa yule aliyetupiwa kazi. Pengine wewe ni bursari wa shule ya bweni yenye kisima chake Usa River, au meneja wa hoteli njia ya kwenda Kisongo, au katibu wa chombo cha maji cha kijiji huko King'ori au Old Moshi. Kikao kimekaa, kimeamua maji yapimwe mara kwa mara, na wewe ndiye wa kutafuta maabara.

Wengi huanza kwa kupiga simu kuuliza bei. Ningekushauri bei ije mwishoni. Sampuli ikishafika salama kwenye mashine, kazi kwa kawaida hufanyika vizuri. Mambo huharibikia njiani, kati ya bomba na mlango wa maabara, au baadaye, kati ya maabara na mtu mwenye mamlaka ya kufunga bomba. Mkataba unaofaa ni ule unaobana sehemu hizo mbili.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kujua

Karatasi moja inatosha. Je, kisima ni kipya na hujui kina nini? Je, maji mnayajua, mnataka tu uhakika kwamba hayajabadilika? Watoto wameumwa matumbo? Mnataka kuuza maji ya chupa? Hili la mwisho lina njia yake kupitia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mkataba wa kawaida na maabara hauwezi kuziba nafasi ya alama ya ubora.

Ambatanisha historia ya chanzo: kina cha kisima, ripoti ya mchimbaji, kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde (kwa sehemu kubwa ya Kilimanjaro na Arumeru ni Bonde la Pangani, makao yake Moshi), na majibu yote ya zamani hata kama ni kopi iliyofifia. Maabara makini itayaulizia.

Hatua ya 2: Orodha ya vipimo ifuate mahali ulipo

Hapa usikubali kuuziwa kifurushi cha jumla. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba floraidi. Ngarenanyuki, Oldonyosambu, Leguruki, Maji ya Chai: ukikua huko huhitaji maabara kukuonyesha meno ya kahawia. Visima viwili vya kata moja vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo majibu ya kisima cha jirani hayakusaidii. Kuna dalili moja ya kukumbuka: maji laini, yanayotoa povu la sabuni upesi na kuacha utando mdogo kwenye birika, katika ukanda huu mara nyingi ndiyo yenye floraidi nyingi, kwa sababu kalsiamu ambayo ingeikamata ni kidogo. Watu huyapenda kwa kufulia.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunapunguza maji, na floraidi inabaki palepale kwenye sufuria. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 8, wakati meno ya kudumu bado yanajengeka ndani ya fizi, kwa hiyo shule ya awali au ya msingi haina kisingizio cha kuacha kipimo hiki.

Moshi hadithi ni nyingine. Chemchemi za miteremko ya Kilimanjaro kwa kawaida zina floraidi ndogo, lakini kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kina nyumba, choo cha shimo, zizi la ng'ombe na kahawa inayowekwa mbolea, vyote katika eneo dogo. Hapo wasiwasi wa kwanza ni vimelea vya kinyesi na naitreti. Ukishuka upande wa Hai na Siha, usiiondoe floraidi kwenye orodha.

Kwa chanzo cha taasisi ningepanga vipimo kwa makundi matatu:

- Kila mwezi: E. coli (bakteria anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia), koliformi kwa jumla, ukungu wa maji (NTU), pH, na klorini inayobaki kama mnaweka dawa.
- Mara mbili kwa mwaka: floraidi, naitreti, upitishaji umeme, chuma, manganizi, ugumu wa maji. Mara moja mwishoni mwa kiangazi, mara moja masika yakishakolea. Mvua za kwanza huosha uchafu wa juu ya ardhi na kuuingiza kwenye chemchemi na visima vifupi. Kiangazi kirefu huacha chumvi na floraidi zikiwa zimekolea.
- Kisima kikiwa kipya, kisha kila baada ya miaka michache: arseniki, risasi na metali nyingine.

Viuatilifu ni ghali kupima, na neno "viuatilifu" peke yake maabara haiwezi kulifanyia kazi. Kama mko chini ya shamba la maua au mboga, ulizeni shamba linapulizia nini, mwombe hicho kipimwe.

Vikomo vya kuwa navyo kichwani: E. coli hairuhusiwi hata moja katika mililita 100. Floraidi mwisho 1.5 mg kwa lita. Naitreti mwisho 45 mg kwa lita, ikihesabiwa kama naitreti yenyewe. Arseniki 0.01. Kiwango cha Tanzania cha maji ya kunywa ni TZS 789, na hapa kuna mtego: zamani nchi yetu ilivumilia floraidi hadi 4 mg kwa lita. Fomu zenye ile 4 bado zinaweza kukufikia, na kisima cha 3.2 kitaandikiwa "yanafaa". Kwenye mkataba taja toleo la kiwango linalotumika sasa.

Hatua ya 3: Tafuta maabara, kisha soma cheti chao

Chaguo zipo. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Arusha na Moshi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru. Mamlaka za maji za miji miwili, AUWSA na MUWSA, hupima maji yao wenyewe, na unaweza kuuliza kama wanapokea sampuli za nje. Kisha kuna kampuni binafsi, baadhi zikiwa na maabara Dar es Salaam na dawati tu la kupokelea huku.

Neno la kuuliza ni ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa chombo huru kwamba maabara ina uwezo wa kufanya kipimo fulani. Maabara za vipimo hupewa ithibati kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, toleo la 2017, na kwa nchi za SADC ikiwemo Tanzania mtoaji mmojawapo ni SADCAS, yenye makao yake Gaborone, Botswana. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani kwenye fremu. Omba kiambatisho chake, ile orodha ya vipimo vilivyopewa ithibati. Maabara inaweza kuwa nayo kwa pH na klorini tu, ikakupimia floraidi bila ithibati yoyote, na kichwa cha barua kikabaki na nembo ileile. Angalia pia tarehe ya mwisho.

Maabara isiyo na ithibati si lazima iwe mbaya. Nyingi za serikali zina watu wenye uzoefu mrefu wa maji ya ukanda huu. Lakini basi waombe kitu kingine: majibu ya majaribio ya kulinganisha maabara, ambapo maabara kadhaa hupewa sampuli ileile na kupimana. Anayeshiriki atakuonyesha bila kusitasita.

Na kwa heshima zote, usitumie maabara uliyoletewa na mchimba kisima au muuza mashine za kuchuja. Mmoja anataka maji yaonekane mazuri, mwingine anataka yaonekane mabaya.

Hatua ya 4: Nenda ukaone

Nusu siku inatosha. Piga hodi, jitambulishe, omba kutembezwa. Chumba cha bakteria kinapaswa kuwa peke yake. Kwenye inkyubeta kuwe na daftari la joto lililojazwa kila siku. Ukikuta siku zote kumeandikwa namba moja kwa kalamu moja, umeelewa. Uliza umeme ukikatika usiku inakuwaje. Bakteria hulelewa kwa saa nyingi kwenye joto maalumu, na kukatika kwa umeme bila jenereta kunaharibu sampuli yako bila mtu kujua. Angalia tarehe za kemikali. Uliza chupa za bakteria husafishwaje, na kama wana zenye dawa ya kuua klorini, sodiamu thaiosalfeti. Bila hiyo, klorini ya kwenye maji yako itaendelea kuua vimelea ndani ya chupa njia nzima, na majibu yatakuja safi kuliko bomba lenyewe.

Swali la mwisho huwa linawashtua kidogo: mashine yenu inaanza kuona kuanzia kiwango gani? Kama ya arseniki inaanza 0.05, jibu la "haikuonekana" halina thamani kwako, maana kikomo ni 0.01. Waandike kikomo cha chini cha kila kipimo kwenye ankara kifani.

Hatua ya 5: Omba bei

Peleka barua moja yenye orodha ileile kwa maabara tatu. Safu za jedwali: kipimo, njia wanayotumia, kikomo cha chini cha kuona, ithibati ipo au haipo, bei, siku za kutoa majibu. Chini yake waulize chupa ni za nani, usafiri wa mpimaji ni kiasi gani, na bei ina VAT au haina.

Taasisi za umma hupitia mfumo wa manunuzi wa NeST. Mhasibu wako anajua. Maabara za serikali hulipwa kwa kontroli namba, kwa hiyo asije mtu akakuomba utume kwenye simu yake. Kampuni binafsi itoe risiti ya EFD, na ukilipa huduma usisahau kodi ya zuio ya asilimia 5, la sivyo TRA wataidai kwako.

Bei ya chini kabisa mara nyingi ni ya anayetarajia wewe ulete sampuli kwenye chupa ya soda.

Hatua ya 6: Panga safari ya chupa

Amua nani anachota. Kwa vipimo vya mara mbili kwa mwaka, alipwe mtaalamu wa maabara aje mwenyewe. Kwa vile vya kila mwezi, waambie wamfundishe mtu wako mmoja na msaidizi wake, wampe cheti au barua, na hilo liingie kwenye mkataba.

Chagua pointi za kuchotea na uzipe majina yasiyobadilika. Angalau tatu: kichwa cha kisima, kwenye tangi, na bomba la mwisho ambalo watu hunywa, mfano la jikoni au la bwenini. Kisima kikiwa safi na bomba la jikoni likiwa chafu, tatizo ni tangi au mabomba, na hakuna haja ya kuita mchimbaji. Sampuli moja tu haiwezi kukuambia hilo.

Kwa bakteria: futa mdomo wa bomba kwa spiriti, au uchome kwa moto kama ni la chuma, fungua maji yatiririke dakika mbili tatu, fungua chupa bila kugusa ndani ya kifuniko, jaza ukiacha nafasi kidogo juu, funga. Usisuuze chupa, utamwaga ile dawa. Kwa floraidi ni kinyume: chupa ya plastiki, suuza kwa maji yaleyale, jaza. Za metali huwekewa asidi ya naitriki, na chupa hizo zije na asidi tayari kutoka maabara. Asidi hiyo isikae shuleni. Klorini na pH hupimwa palepale bombani, zikisubiri hubadilika. Na kama mnatumia shabu kutuliza tope, iandikwe kwenye fomu, kwa sababu alumini hushikana na floraidi na kuifanya isomeke ndogo kama maabara haikujiandaa.

Chupa za bakteria ziingie kwenye deli lenye barafu, gizani, na zifike ndani ya saa 6; saa 24 ndiyo mwisho. Moshi hadi Arusha ni kilomita kama 80, hiyo si taabu. Taabu ni deli lililoachwa kwenye buti la Noah stendi jua la saa sita likisubiri abiria wajae. Kama maabara iko Dar es Salaam, bakteria zipimwe huku, kemia ndiyo isafiri.

Usichote Ijumaa. Bakteria zinahitaji siku moja hadi mbili za kulelewa na mtu wa kuzisoma, na Jumapili mtu huyo yuko kanisani. Jumatatu hadi Jumatano ni salama.

Kila chupa iandamane na fomu ya makabidhiano: pointi, tarehe, saa, aliyechota, aliyebeba, aliyepokea, na joto la deli wakati wa kupokea. Saini zote ziwepo. Siku majibu yakizua ubishi, karatasi hiyo ndiyo utakayoitafuta kwanza.

Hatua ya 7: Vifungu vya mkataba

Maabara nyingi zitakuletea mkataba wao wa kurasa mbili. Upokee, kisha omba viongezwe hivi. Unaweza kunakili maneno yenyewe.

"Maabara itamjulisha Mteja kwa simu, kisha kwa maandishi, ndani ya saa mbili tangu kuonekana kwa E. coli katika sampuli yoyote, bila kusubiri ripoti kamili wala malipo." Hiki ndicho kifungu muhimu kuliko vyote. Taja watu wawili wa kupigiwa, kwa vyeo vyao, maana watu huhama. Bila hiki, jibu baya litakaa kwenye trei likingoja saini ya mkuu wa maabara aliyeko semina Dodoma, na watoto wanaendelea kunywa.

"Maabara haitapeleka sampuli kwa maabara nyingine bila kibali cha maandishi cha Mteja, na ripoti itaonyesha kipimo kipi kilifanyika wapi."

"Sampuli itakayofika imepita muda, ina joto, au chupa imevuja, itakataliwa na Mteja kujulishwa siku hiyohiyo." Unawapa ruhusa ya kukukatalia, ndiyo. Maabara inayopokea kila kitu haikusaidii.

"Mteja anaweza, bila kutoa taarifa, kuleta sampuli ya siri. Matokeo yakitofautiana kupita kiwango kilichokubaliwa, Maabara itarudia vipimo kwa gharama yake."

Ongeza pia: sampuli za kemia zitunzwe kwa muda fulani baada ya ripoti ili kipimo kirudiwe ikibidi, majibu ni mali ya mteja na hayatolewi kwa mwingine isipokuwa sheria ikitaka, siku za kutoa ripoti na punguzo la malipo zikipitwa, malipo baada ya ripoti, si kabla (kwa serikali hili huenda lisiwezekane, basi lipia kwa awamu). Muda wa mkataba mwaka mmoja. Wa miaka mitatu hukufunga kabla hujawajua.

Hatua ya 8: Kupokea ripoti

Usiruke hadi kwenye neno "yanafaa". Anza na namba ya sampuli na saa ya kupokelewa, linganisha na fomu yako. Kisha vizio. Naitreti huandikwa kwa namna mbili: kama naitreti yenyewe au kama naitrojeni iliyomo, na ya kwanza ni kubwa mara 4.43 ya pili. Ripoti ikisema 12 bila kueleza, inaweza kuwa maji mazuri au maji yaliyopita kikomo. Piga simu uulize.

Kuna ukaguzi mdogo unaoweza kuufanya kwa kikokotoo cha simu. Gawa jumla ya chumvi zilizoyeyuka (mg kwa lita) kwa upitishaji umeme (mikrosiemensi kwa sentimita). Kwa maji ya kawaida jibu huangukia karibu na 0.55 hadi 0.7. Likitoka 0.2 au 1.3, kuna namba imekosewa, na kama hiyo imekosewa nawe una haki ya kutilia shaka zilizobaki.

Soma pia maandishi madogo. "Sampuli ililetwa na mteja" maana yake maabara inajibu kwa ajili ya chupa, haijibu kwa ajili ya kisima. Wako sahihi kuandika hivyo. Ndiyo sababu hatua ya 6 imekuwa ndefu.

Sampuli ya siri ni rahisi: chota chupa mbili kutoka bomba moja kwa wakati mmoja, zipe majina mawili tofauti. Floraidi zikirudi 2.1 na 2.2, vizuri. Zikirudi 0.9 na 2.2, tumia kile kifungu.

Hatua ya 9: Jibu likiwa baya

Kabla ya sampuli ya kwanza, kubalianeni nani ana ruhusa ya kufunga bomba. Andikeni cheo chake na kibandikwe ofisini.

E. coli ikionekana: maji ya kunywa yachemshwe kuanzia saa hiyo, afisa afya wa kata ajulishwe, tangi lioshwe na kuwekwa klorini, kisha chota upya kwenye pointi zote tatu. Msingoje sampuli ya marudio ndiyo muanze kuchemsha.

Floraidi haina haraka ya namna hiyo, inaumiza kwa miaka. Rudia kipimo mara moja, ikiwezekana kwa maabara ya pili. Ikithibitika, chaguo ni chanzo kingine, kuchanganya na maji yenye floraidi ndogo, kuvuna mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, au kuchuja. Kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaonyonya floraidi. Unafanya kazi, lakini hujaa na lazima ubadilishwe, kwa hiyo ukiufunga ongeza pointi ya nne ya kuchotea: maji yaliyotoka kwenye chujio. Mwambie pia mpishi aache magadi kwenye maharage, kwani nayo huweza kuwa na floraidi nyingi.

Ikifika wakati wa kuongeza mkataba, weka mezani ripoti zote za mwaka, fomu za makabidhiano na matokeo ya sampuli za siri, uone ni mara ngapi walichelewa na ni mara ngapi ninyi mlichelewesha deli. Barua iende Novemba mapema. Desemba Moshi imejaa wageni wa sikukuu, na Januari wanafunzi wanarudi kabla mkataba mpya haujasainiwa.